Mhuri wa Watoto Wote

Jina lake la kwenye faili lilikuwa refu na zuri, lakini pale ofisini hakuna aliyekuwa na muda nalo. Tangu enzi za filamu za mikanda, alipokuwa akikata vipande visivyofaa kwa mkasi mkubwa kama wa fundi cherehani, watu walimwita Bi Mkasi, naye akaitika kwa raha zake. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye ofisi ile ya ukaguzi, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, chenye mlango unaokwama mvua ikinyesha. Kazi yake ilikuwa kuamua watoto waone nini na wasione nini. Alianza akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo. Sasa alikuwa bibi mwenye kiuno kipana na miwani ya kamba, na ile sauti ndogo alikuwa ameiacha zamani, mahali fulani kwenye ngazi.

Tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane mbele: Bi Mkasi alikuwa anajisikia. Hakuwa mtu mbaya, ila ukimpa kiti na kikombe cha chai umekwisha, lazima akusimulie ile filamu ya dereva wa lori. Filamu yenyewe iliishia dereva anakata roho hospitalini, mwanawe mdogo ameshika kofia yake. Bi Mkasi akaona hapana, watoto watalia mpaka wapate homa, akakata dakika nne za mwisho. Mji mzima ukamwona dereva anafumbua macho kitandani, taa zikawashwa, watu wakatoka wanapiga makofi. "Nilimfufua mimi," alikuwa akisema huku anajipiga kifua. "Pale hakipiti kitu bila mhuri wangu. Nikisema afe, anakufa. Nikisema apone, anapona." Mjukuu wake alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka akaijua kwa moyo.

Mkasi ulipostaafu, ikaja karatasi. Utaratibu wa karatasi ile aliutunga yeye mwenyewe: safu tano, za damu, mapigo, matusi, uchi na ulevi. Ukiona pigo, unachora kijiti. Vikitimia vinne, cha tano unakilaza juu yao. Mwisho unajumlisha. Visipofika vitano, mhuri wa Watoto Wote. Vikizidi, Miaka Kumi na Mitatu. Vikizidi sana, Watu Wazima, na barua kali juu yake. Aliipenda karatasi ile kwa sababu haikuwa na ubishi. Vijana wa ofisini waliiita kuni za Bi Mkasi, naye alijifanya hasikii.

Kisha zikaja gemu. Zile za kukimbiza mpira hazikumsumbua, unatazama dakika kumi unaandika. Zilizomtoa jasho ni zile za hadithi, ambazo mambo hayaendi mpaka wewe unayecheza uamue mtu wako aende wapi na aseme nini. Kwenye fomu ukaongezwa mstari mpya juu kabisa: Je, mkaguzi amecheza mwenyewe mpaka mwisho? Hapo ndipo mama wa watu alipokwama, maana vidole gumba vyake havikumtii. Fundi wa mitambo, kijana mpole asiyejua kumkatiza mkubwa, alimwekea ile pedi yenye vitufe mikononi, akamwonyesha cha kutembea na cha kufungulia mlango. Mtu wa kwenye skrini aligonga ukuta kwa robo saa nzima.

"Nimeshaelewa, mwanangu," Bi Mkasi akasema, akairudisha pedi. "Nitamalizia nyumbani."

Hakuwa ameelewa kitu. Aliona haya tu kuuliza mara ya pili. Mtu aliyemfufua dereva wa lori ataulizaje kitufe cha kufungulia mlango?

Nyumbani alikuwa na Kidoti. Huyu ndiye mjukuu wake, wa miaka kumi, mwenye alama nyeusi chini ya jicho iliyompa jina. Mama yake, binti pekee wa Bi Mkasi, alikuwa akiuguza wazee katika nchi ya mbali, mwaka wa tatu huo, na alipiga simu kila Jumapili mchana. Jumapili moja, Kidoti akiwa bafuni, binti alisema haraka haraka, "Mama, wameniongezea miaka miwili. Likizo hii sitaweza kuja. Mwambie wewe. Mimi nikimwambia nitalia na yeye atalia."

"Niachie mimi," Bi Mkasi akasema.

Kidoti akatoka bafuni na povu sikioni, simu imeshakatwa. "Mama amesema anakuja lini?"

"Likizo," bibi akasema. Aliikata habari ile palepale, kama alivyozikata nyingine zote, akajiambia atamweleza wiki ijayo, mtoto akiwa ametulia.

Wiki iliyofuata akaja nyumbani na mashine ya ofisini ndani ya kikapu. Gemu iliitwa Chumba cha Juu, na ilipendeza kwa macho: jengo la ghorofa lenye kuta za bluu, kamba za nguo, paka wa kijivu anayelala kwenye ngazi. Ndani yake kuna dada na mdogo wake wa kiume. Asubuhi moja mama yao anavaa viatu vyake vizuri, anawaachia ufunguo, anatoka kwenda kutafuta kazi. Wewe unayecheza ndiye dada. Unachota maji, unapika, unamwogesha mdogo wako, unawajibu majirani wanaouliza, na kila jioni mdogo wako anakuuliza swali lile lile.

Kidoti alikaa sakafuni na pedi. Bi Mkasi alikaa meza ya kulia nyuma yake, karatasi ya safu tano mbele, na mapajani sare ya shule iliyong'oka vifungo. Alishona. Ikitoka sauti ya kishindo aliinua kichwa, lakini kilikuwa kishindo cha ndoo.

"Bibi, huyu mdogo anauliza mama yuko wapi. Nimjibu nini?"

"Kuna mtu amepigwa?"

"Hapana."

"Basi endelea."

Baada ya muda Kidoti akageuka tena. "Bibi, kuna majibu mawili. Nimwambie sijui, au nimwambie anakuja kesho?"

"Mwambie anakuja kesho asije akalia," Bi Mkasi akasema, akikata uzi kwa meno. Mtoto akauliza tena siku ya pili, na siku ya tatu, na kila mara bibi alijibu bila kuinua macho kwenye sindano. Karatasi ilikuwa nyeupe. Hata mlevi hakupita.

Jumamosi adhuhuri gemu ikaisha. Kidoti akaianza upya. Bi Mkasi akafurahi, akaona mjukuu ana bidii ya kazi kama yeye. Jumapili kutwa Kidoti aliirudia, na Jumatatu bibi alimkuta anaianza tena.

"Mbona unarudia?"

"Naangalia kama kuna mahali nimekosea."

"Mimi nataka kuandika ripoti. Mwisho unakuwaje?"

Kidoti aliizima skrini, akaitazama vivyo hivyo. "Mama yao anarudi," akasema.

"Vizuri. Wanampokeaje?"

"Wanampokea mlangoni. Yule mdogo analala ameukumbatia mkoba wake."

Bi Mkasi aliyaandika yote, na kwa mwandiko mzuri. Mwisho: mama anarudi, familia inaungana. Funzo: subira. Vijiti: sifuri. Kwenye ule mstari wa juu akaandika Ndiyo bila kusita, maana kwake kukaa chumba kimoja na gemu siku tano kulitosha kabisa. Akaupumulia mhuri, akaugonga.

Wiki sita zikapita. Alhamisi moja saa nne asubuhi mwenyekiti wa ofisi akamwita kwenye chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tai na maneno laini, aliyeingia kazini Bi Mkasi akiwa tayari mkongwe, na mpaka leo alimwamkia kwanza. Fundi wa mitambo alikuwa anaunganisha skrini. Kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye hakuegemea.

"Huyu ni mzazi, seremala," mwenyekiti akasema. "Ana lalamiko."

"Mwanangu ana miaka sita," seremala akasema. Hakupandisha sauti. "Siku hizi anaficha viatu vya mama yake. Juzi tumevikuta kwenye pipa la maji. Mama yake akitaka kwenda dukani, mtoto anashika ufunguo anakaa mlangoni, hamruhusu. Tukimuuliza, anasema wanaovaa viatu vizuri hawarudi. Mimi si msomi, mama. Mambo ya gemu siyajui. Niliona mhuri wenu wa Watoto Wote, nikamnunulia."

Bi Mkasi akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa ameshawapooza wazazi wengi. "Pole sana, baba," akasema. "Lakini watoto wengine wana woga wa kuzaliwa nao. Hadithi yenyewe ni njema." Akafungua faili, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya ofisini: "Mwisho, mama anarudi, familia inaungana. Funzo, subira."

Seremala akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama fundi.

"Anarudi?" fundi akauliza polepole.

"Nimecheza mwenyewe mpaka mwisho. Imeandikwa hapo."

"Basi tuonyeshe, Bi Mkasi," mwenyekiti akasema, na alisema kwa nia njema kabisa. Fundi akamkabidhi pedi. Alikuwa ameshaifikisha gemu kwenye siku ya mwisho.

Bi Mkasi aliishika juu chini. Akaigeuza. Akabonyeza kitufe, yule dada wa kwenye skrini akaugeukia ukuta, akaanza kuugonga. Akabonyeza kingine, taa ya chumba ikazimwa. Jasho jembamba likamtoka kwenye mstari wa nywele, akalisikia linateremka mpaka kwenye kamba ya miwani. Dada akaendelea kugonga ukuta, tu, tu, tu, na hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Fundi akanyoosha mkono, akaichukua pedi kwa adabu kama unavyompokea mgonjwa kikombe, akacheza yeye.

Basi Bi Mkasi akauona mwisho kwa mara ya kwanza. Watoto wanafagia chumba. Dada anakunja shuka la mama yake, analiweka kwenye kona. Anafunga mlango, anaweka ufunguo chini ya mkeka, anamshika mdogo wake mkono, wanaondoka na jirani wa chini. Mdogo anageuka mara moja. Mlango unabaki, na paka, na basi.

"Kuna namna nyingine ya kumaliza?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, mzee. Ufanye lolote, inaishia hapa."

Seremala akasimama, akachukua kofia yake. Hakumtukana. Alimuuliza tu, "Mama, wewe ulikuwa unatazama nini?" na Bi Mkasi akatamani sakafu ipasuke immeze na faili lake.

Mgeni alipoondoka mwenyekiti akafunga mlango. "Umebakiza miezi minane ustaafu," akasema. "Sitaki uondoke hapa na doa. Andika ripoti ya masahihisho, useme nakala uliyopewa ilikuwa ya majaribio na mwisho wake ulikuwa tofauti. Watengenezaji wako mbali, hawatabisha. Niletee Jumatatu nitasaini. Ukiandika vingine, mama yangu, itabidi uurudishe mhuri, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Njia nzima ya kurudi, kikapu cha mashine kikimpiga goti, Bi Mkasi alimchemkia mjukuu wake. Ilikuwa nafuu kuwa na hasira. Akamkuta jikoni anakausha vyombo, bado na soksi za shule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba yako ngoja kwanza! Umenitia aibu mbele za watu! Umeniambia mama anarudi. Anarudi wapi? Nimekaa pale kama kinyago, mtoto umenidanganya!"

Kidoti aliweka sahani chini taratibu, isije ikavunjika. "Nilicheza mara tisa, bibi," akasema. "Nilimwambia mdogo ukweli, nikamwambia uongo. Nilimpa jirani ufunguo, nikamnyima. Kuna siku nilikaa tu sikufanya kitu chochote. Harudi."

"Sasa kwa nini ulisema anarudi?"

"Si wewe ndiye unayeamua?" Alishangaa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo linalojulikana na kila mtu. "Ulisema ukisema apone, anapona. Nilifikiri ukiandika anarudi, halafu ukapiga mhuri, watabadilisha. Kama dereva wa lori."

Bi Mkasi alivuta kiti cha jikoni akakaa, akiwa bado na mkoba begani. Kule ofisini aliwaonea haya watu. Hapa hapakuwa na mtu, palikuwa na mtoto na kitambaa cha vyombo, na uso ulimuwaka kuliko kule. Mtoto alikuwa amepambana na mlango ule mara tisa, peke yake, akiwa amempa bibi mgongo, na bibi akishona vifungo. Na alipokwama kabisa alimletea bibi yake ombi, naye bibi akaliandika kwenye ripoti kwa mwandiko mzuri.

Siku mbili hawakuzungumza zaidi ya salamu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana Bi Mkasi aliitoa mashine kwenye kikapu, akaiunganisha kwa shida, akashuka kukaa sakafuni, magoti yakilia.

"Njoo unifundishe," akasema. "Kitufe cha kufungulia mlango ni kipi?"

Kidoti akamwonyesha. Alimwonyesha mara ya pili, na ya tatu, wala hakuguna. Bi Mkasi akamwaga ndoo za maji kwenye ngazi, akaunguza chungu, akamkanyaga paka, na mara moja Kidoti akacheka kidogo kisha akaacha. Jioni ya kwanza ya gemu ikafika. Yule mdogo akakaa kitandani, akauliza: Mama yuko wapi? Yakatokea majibu mawili. Kidole gumba cha Bi Mkasi kikasimama juu ya kitufe.

"Wewe uliniambia nimjibu anakuja kesho," Kidoti akasema. Hakuwa anamsuta, alikuwa anamsaidia.

Bi Mkasi aliweka pedi sakafuni. "Kidoti. Mama yako haji likizo hii. Wala ijayo. Wamemwongezea miaka miwili."

"Umejua lini?" mtoto akauliza.

"Kabla sijaleta gemu."

"Kwa hiyo nilivyokuwa nacheza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

Kwenye fomu za ofisi sababu za kukata zilikuwa zimechapwa tayari, kumi na mbili, unatia alama tu. Bi Mkasi alizipitia zote kichwani na hakuna hata moja aliyothubutu kuisema mbele ya uso ule. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa utalia, na mimi sitajua la kufanya. Nisamehe, mama." Mtoto akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango kwa ndani. Bi Mkasi alibaki sakafuni akisikiliza kilio alichokikimbia muda wote huo, na kilikuwa kirefu. Hakuwa na cha kukikatia.

Jua lilipofika kwenye mguu wa meza, mlango ukafunguliwa. Kidoti alirudi, macho yamemvimba, akakaa, lakini si karibu kama mwanzo.

"Malizia," akasema. "Fomu inasema mpaka mwisho."

Walimaliza Jumapili asubuhi. Bi Mkasi ndiye aliyeweka ufunguo chini ya mkeka, kwa kidole chake mwenyewe, na kwa jinsi alivyokuwa mzito ilimchukua mara tatu. Simu ya mchana ilipolia alimpa Kidoti aipokee, kisha akatoka akakaa nje mpaka waliokuwa wakilia, wa huku na wa kule, wakanyamaza.

Baadaye akatandaza fomu ya masahihisho kwenye meza ya kulia. Mhuri aliutia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, maana alijijua. Kwenye nafasi ya Sababu ya Kosa aliyafikiria yale maneno ya mwenyekiti, nakala ya majaribio, na yalikuwa matamu. Kisha akaandika kwamba gemu haifai kwa watoto wadogo kucheza peke yao, kwamba ripoti ya kwanza haikuwa yake, na kwamba aliyecheza ni mtoto wa miaka kumi. Akaandika: Mtoto huyo aliniuliza mara nne amjibu nini mdogo wake. Nilikuwa chumba hicho hicho, nahesabu mapigo.

Kidoti alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma.

"Zilikuwa mara tano, bibi," akasema.

Bi Mkasi akaifuta nne, akaandika tano.